Koki na Chuo Kilichokataa Kumwachia

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, usiache kazi yako, ongeza sauti tu. Leo tunamkumbuka fundi. Siyo fundi mwenye duka wala bango. Ni yule fundi wa chuo cha jamii, wa mabomba, wa taa, wa vyoo, wa milango isiyofunga na madirisha yasiyofunguka. Watu walimwita Koki, kwa sababu ya koki za maji alizozibeba mifukoni mpaka suruali ikalegea. Wiki hii tumempoteza. Amemwacha mke, binti mmoja, na dada yake mkubwa.

Nataka niwaambie mapema ili tuende pamoja. Koki alitaka jambo moja tu. Alitaka kuondoka pale chuoni, akaishi na mke wake. Basi. Hakutaka utajiri, hakutaka cheo. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa: alitaka kuhamia kwa mkewe.

Nianze na dada yake, maana ndiye aliyenichekesha siku niliyokwenda kuwapa pole. Anasema Koki akiwa mtoto aliutengeneza mlango wa jikoni kwao kwa kipande cha mpira wa kandambili na waya. Mlango ukakaa vizuri sana. Shida ni kwamba ulifunguka kwa mkono wake yeye tu. "Mama alikuwa anamwita kutoka uwanja wa mpira," dada mtu aliniambia, "aje atufungulie tupike. Anakuja analia, anafungua, anarudi. Hakuna aliyewaza kuubadilisha ule mlango. Tuliona rahisi kumwita."

Sasa twende chuoni. Jengo lile zamani lilikuwa ghala. Wakaweka kuta, wakaweka ghorofa, wakaita chuo. Mchana wanasoma vijana. Lakini jioni, jamani, jioni ndiyo chuo kinapochangamka. Wanakuja watu wazima waliotoka kazini. Mshonaji anajifunza hesabu za biashara. Dereva anajifunza kompyuta. Akina mama wako darasa la kuoka mikate juu, wengine cherehani zinanguruma chini. Wote wanataka taa, wote wanataka maji, na wote wanataka saa ileile.

Umeme wa jengo lile haukutosha. Koki alipoajiriwa, akiwa kijana mwenye nguvu zake, aliomba vifaa. Mkuu wa wakati ule akamwambia ajitahidi hivyohivyo. Naye akajitahidi. Koki hakuwa mtu wa kuambiwa jitahidi akalala. Koki ya tangi ikiharibika, anatoa nyingine kwenye choo kibovu, anaifunga kichwa chini miguu juu, ukitaka kufungua unazungusha kama unafunga. Swichi ya darasa la chini ikiungua, analiunganisha na swichi ya juu. Majiko ya kuokea hayawezi kuwashwa pampu ikiwa inavuta maji, kwa hiyo kila jioni anavuta maji kwanza, anazima pampu, anawapa waokaji, akiwanyang'anya anawapa washonaji. Aliugawa umeme kama mama mwenye sufuria dogo na watoto wengi, na kila mtoto akalala ameshiba.

Watu wakamsifu. Wakasema bila Koki chuo hakiendi. Yeye akavimba kichwa, na nani asingevimba? Miaka ikapita, wakuu wakabadilika, viraka vikaongezeka juu ya viraka. Mwishowe hakuna aliyelijua lile jengo ila yeye.

Halafu mkewe, ambaye ni muuguzi, akahamishiwa hospitali ya mji mwingine. Akaenda na binti yao. Koki akabaki, akisema ni kwa muda mfupi. Akawa anasafiri Jumamosi, anarudi Jumapili, maana Jumatatu jioni kuna madarasa. Mkewe anasema Jumapili akishakula tu, anaanza kutazama viatu vyake. Akichelewa kidogo, simu inaita. Maji hayapandi. Taa za ngazi zimezimika. Koki uko wapi.

Ile hospitali ya mkewe ilihitaji fundi umeme. Mkewe aliongea na mhandisi wao, akaambiwa nafasi ipo, mumeo aje, ila aje na cheti. Koki hakuwa na cheti. Kazi aliijua, karatasi hakuwa nayo. Kwenda kukaa bure nyumbani kwa mkewe hakutaka, mwanamume yule alikuwa na haya zake. Lakini cheti chenyewe kinatolewa wapi? Pale pale chuoni kwake. Darasa la umeme, la jioni.

Akajiandikisha. Nacheka, lakini siyo kicheko cha raha. Mtu anataka kutoka kwenye jengo, na mlango wa kutokea uko ndani ya jengo lenyewe, tena unafunguliwa saa ambayo yeye ndiye anayehitajika kila kona. Akachagua kiti cha karibu na mlango.

Mwalimu wake wa umeme, mama mpole mwenye sauti ya chini, alinieleza hivi. "Alikuwa ananyoosha mkono kuuliza swali. Kabla sijamjibu, kichwa kinachungulia mlangoni, Koki njoo. Anatoka. Akirudi tumeshafika mbali. Nikawa namwandikia jibu pembeni ya ubao, nalizungushia duara, ili akirudi alikute." Pamoja na hayo, alifuatilia. Aliazima madaftari ya wenzake, akanakili. Yule mshonaji alikuwa amehamia darasa hilo, na ndiye aliyemwazima mara nyingi.

Ukaja mtihani. Wasikilizaji wapendwa, hapa nisikilizeni vizuri.

Siku hiyo Koki alijipanga. Alivuta maji mapema, tangi likajaa. Aliwaomba waokaji wasiwashe majiko, wakakubali. Akamwachia mlinzi wa getini, mama mtu mzima mwenye akili timamu, ufunguo wa chumba cha swichi kilicho chini ya ngazi, akamwelekeza cha kufanya likitokea la kutokea. Kisha akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa, akapewa karatasi. Msimamizi alikuwa ametoka nje ya chuo, mgeni kabisa. Akasoma masharti. Mtahiniwa akitoka kabla ya kukusanya karatasi, harudi. Akayarudia mara ya pili.

Wameandika mpaka nusu. Jua limezama, madirisha ya ghala lile ni madogo, taa ndizo zinazotegemewa. Mara giza. Kumbe juu kulikuwa na mwalimu wa kuoka aliyekuwa likizo, hakupata habari, amekuja kujaribu jiko. Na pampu, ambayo Koki hakuizima kwa kuwa hakutarajia jiko kuwaka, ilikuwa imejiwasha yenyewe maji yalipopungua tangini.

Mlinzi akakimbilia chumba cha swichi. Akabonyeza alivyoelekezwa. Hakuna kitu. Akaja dirishani, akasema kwa sauti ya chini kwamba amebonyeza zote. Koki akamweleza kwa kunong'ona: ile ya juu ndiyo ya chini, ya kati usiiguse, ya mwisho izime kwanza ndipo uiwashe. Msimamizi akawakataza, mtihanini hakuna mazungumzo. Mlinzi akaenda tena. Giza likabaki palepale. Na saa ya mtihani haisimami, msimamizi aliwatangazia hivyo, naye sheria hakuitunga yeye.

Mle darasani kulikuwa na watu waliouza mbuzi, waliogombana na waume, walioacha watoto na majirani, ili wakae kwenye ule mtihani. Wote wakageuka kumtazama Koki. Mwalimu wake hakuwepo, hakuruhusiwa kuwepo. Koki alikaa kidogo, mikono juu ya karatasi. Kisha akaiweka kalamu chini, akatoka.

Kufumba na kufumbua, taa zikawaka.

Yule mshonaji anasema: "Nilimwona kwenye kioo cha mlango. Amesimama nje, anafuta mikono na kile kitambaa chake. Nikainama nikaendelea kuandika. Ningefanya nini?" Mshonaji alifaulu. Wengi darasa lile walifaulu. Mwalimu alikwenda kumwombea Koki kwa wahusika, akaambiwa asubiri mtihani mwingine.

Jioni ileile alimpigia mkewe. Mkewe ameyaweka maneno yale kichwani, alinipa yalivyo. "Mama watoto, usimlaumu mtu. Hili jengo nimelitengeneza vibaya. Nimelitengeneza linijue mimi peke yangu."

Akapiga moyo konde, akaamua kulifumua. Alitaka kila swichi iwashe taa yake, kila koki ifunguke kama koki za dunia nzima. Alitaka ajiondoe mle ndani kidogo kidogo mpaka asihitajike. Akaenda kwa mkuu wa sasa kuomba madarasa yafungwe kwa muda, ukuta upasuliwe, nyaya zipangwe upya. Mkuu akamuuliza kitu kinachofanya kazi anakigusa cha nini. Akaongeza kwamba madarasa ya jioni yanazidi kupendwa, na muhula ujao yanaongezwa.

Kisha wakampa zawadi. Mnajua zawadi gani? Chumba. Chumba cha kulala, kando ya pampu, ili asipate taabu ya kuja na kurudi. Wakampigia makofi kwenye mkutano. Nilikiona chumba hicho. Kitanda kimoja, ndoano ya kutundikia shati, na kidirisha cha juu kilicho usawa wa ardhi ya nje. Ukilala unaona viatu vya watu wanaopita. Ukuta wa upande wa pampu una maji maji wakati wote. Pampu ikiwaka, kitanda kinatetemeka. Mkewe alipokuja kumtembelea alisimama mlangoni, hakuingia. Alimuuliza mumewe kama hicho ni chumba au ni adhabu.

Hata hivyo Koki hakukata tamaa. Likizo zilipofika alifumua alichoweza. Alinyoosha ghorofa ya juu yote. Mama mlinzi alimfuata na tochi, akajifunza, akaanza kuwasha na kuzima taa mwenyewe. Zilibaki pampu na ile mitego ya swichi za chini ya ngazi. Koki alijiandikisha tena kwa mtihani. Mhandisi wa hospitali akasema bado anasubiri, ila asisubirishwe sana.

Ndipo kifua kikaanza. Kikohozi, halafu pumzi ikawa fupi. Daktari hakusema ni kile chumba, na mimi redioni sisemi. Alilazwa hospitali ya hapo hapo mjini, safari ya kwenda kwa mkewe asingeiweza. Mkewe akaomba ruhusa kazini, akaja kumuuguza. Binti yao naye akaja.

Na simu zikaja. Binti anasema baba yake alikuwa anaelekeza huku amevaa kile kifaa cha kupumulia, anakivua, anasema zungusha kulia, anakivaa, anakivua tena, anasema hapana, hiyo ni kulia kwa wengine. "Nikaizima simu," binti aliniambia. "Akaniomba niiwashe. Nikamwambia baba, wacha wakae gizani leo. Akakivaa kile kifaa. Halafu akalala, na ulikuwa usingizi mzuri." Hakuamka kutoka usingizi ule.

Wasikilizaji wapendwa, chuo kilihuzunika, nisiseme uongo. Mkuu mwenyewe alikuja na wenzake. Waliomba jeneza lipelekwe kwanza chuoni, likae ukumbini, wanafunzi wa jioni wapite kumuaga, zisomwe risala. Walilisema kwa heshima. Walikuwa wameshapanga viti.

Mkewe alikataa. Hakupaza sauti. Aliwaambia: "Nawashukuru. Lakini huyu ndani ya lile jengo haingii tena. Mkimwingiza, mtampa kazi." Wazee walijaribu kumsihi, na mashemeji pia, akarudia neno lile lile.

Barabara ya kwenda mji wa mkewe inapita mbele ya lango la chuo. Gari lilipokaribia, watu walikuwa wamejaa nje. Mwalimu wa umeme alikuwepo, mshonaji alikuwepo, waokaji na aproni zao. Mama mlinzi alikuwa amefungua mabawa yote mawili ya lango, labda mjane amebadilisha mawazo. Dereva akapunguza mwendo, akamtazama mjane aliyekaa kando yake. Mjane akamwambia, "Endesha." Gari likapita. Mlinzi akapunga mkono, kisha akalifunga lango. Jioni ile hakukuwa na darasa hata moja. Maji yalikataa kupanda.

Koki amezikwa kule, karibu na nyumba aliyokuwa anaiaga kila Jumapili. Amehamia kwa mkewe.

Kwa mama mjane, kwa binti, kwa dada mkubwa, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Poleni sana. Poleni na wanafunzi wa jioni, ninyi mlioandika kwa taa zake. Mola ampumzishe, na huko alipo asiitwe na mtu.

Nawe unayenisikiliza, tafakari kidogo kabla hujazima redio. Kuna mtu kazini kwako, au humo nyumbani kwako, ambaye akiugua siku moja wote mnapigwa na butwaa. Unamfahamu, sura yake imeshakujia. Kesho usimsifu. Amesifiwa vya kutosha. Muulize alitaka kwenda wapi, halafu mwambie akuonyeshe swichi.