Puce Imekufa

Benchi lenyewe lilikuwa la shule. Bomu la ile vita ya siku sita, majeshi ya kigeni yalipopigana mjini Kisangani, lilikula darasa likasaza benchi, na watu wa kona ile ya Makiso, barabara inapoteremka kuelekea mtoni, wakalibeba wakaliweka mbele ya kibanda cha phonie. Phonie, kwa asiyeijua, ni redio ya kuongea: wewe unasema ukiwa Kisangani, mwenzako anakuitika kutoka Kindu au Basoko, kila mtu kwa zamu yake. Vita ilikuwa imeufunga mto, meli haipandi wala haishuki, posta ilikufa zamani, kwa hiyo mji mzima ulikuwa unategemea phonie kama mdomo na sikio. Mama Philomène aliuza kahawa ya tangawizi ubavuni mwa kibanda hicho, na si wateja waliomvuta pale. Binti yake Jemima aliolewa Basoko, alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wake umefika, na phonie imenyamaza.

Mwenye phonie aliitwa Nzanzu, lakini jina hilo alilijua mke wake tu. Wengine wote walimwita Papa À-Vous, maana hata akiomba chumvi mezani alimaliza kwa “à vous”, yaani zamu yako, kama yuko hewani. Siku mashine iliponyamaza aliifungua, akachungulia, akasema neno moja: “Puce imekufa.” Kisha akapanda baiskeli ya toleka, ile ya abiria, kwenda Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege, kutafuta rubani wa kumletea nyingine. Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa safari hiyo hiyo.

Puce. Philomène alisoma kidogo kwa masista, na neno hilo alilijua: kwa Kifaransa ni kiroboto. Hakuuliza zaidi, maana mtu mwenye hofu hapendi kuuliza. Ila kitandani alilizungusha sana kichwani. Alishaona mbwa akifa na viroboto wakimkimbia. Hakuwahi kuona kiroboto akifa na mbwa akamfuata.

Asubuhi hiyo walikuwa wawili benchini. Kataliko, mfanyabiashara wa sabuni kutoka Butembo, bado aliitwa Grossiste, yaani muuza jumla, ingawa vita ilikuwa imepunguza bidhaa yake mpaka ikaenea kwapani. Wa pili alikuwa Alphonse, karani wa zamani wa jimbo, jina la kijiweni Ministre, yaani Waziri. Redio ndogo ya Grossiste ilikuwa inasoma habari kwa Kifaransa: serikali ya nchi moja tajiri imetenga pesa nyingi ili puces zitengenezwe ndani ya nchi yao, zisiagizwe tena kutoka nje, na watafiti wapate fungu lao.

— Bon, mumesikia, akasema Ministre. Gouvernement inalipa batu batengeneze puces.

— Viroboto? akauliza Grossiste.

— Viroboto. Na bachercheurs ba kuzichunguza.

— Kwangu ziko za bure. Bakuye bachukue na godoro.

— Weye unacheka. Au niveau ya gouvernement, hakuna kitu inafanywaka bila sababu. Bazee balisema: kikulacho kiko nguoni mwako. Njo maana banakataa puce ya inje. Kila inchi iumwe na puce yake.

Grossiste alikunywa kidogo, akatikisa kichwa.

— Hapana, Ministre. Hiyo iko silaha. Unamwaga puces jioni kule camp ya Kapalata. Asubui askari bote banajikuna, hakuna mwenye mukono ya kushika bunduki. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ah, alors sasa njo naelewa likambo ya phonie, akasema Ministre, na sauti yake ikashuka kama ya mtu wa siri za dola. Puce inarukaka, si ndiyo? Donc bazungu baliweka moja mule ndani. Inabeba neno yako, inaruka mpaka Basoko, inarudi na jibu.

Philomène, aliyekuwa anakoroga kahawa, aliinua kichwa.

— Na ikikufa, papa?

— Ikikufa, mama, neno inabakia huku.

Ilikuwa ni upuuzi, na Philomène alijua ni upuuzi, lakini yalimchoma maneno hayo. Neno lake lilikuwa limebaki huku kweli, na la Jemima limebaki kule.

Papa À-Vous akafika wakati huo, mikono mitupu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walipomweleza habari ya viroboto alikaa kwanza, akaomba kahawa, ndipo akatoa kiberiti mfukoni. Ndani hakukuwa na njiti. Kulikuwa na kidude cheusi, kidogo kama punje ya haragwe.

— Puce njo hii. Kiroboto ni jina tu, juu ya udogo yake. Iko chuma kidogo na muchanga yenye balipika. À vous.

— Mais iko na miguu, akasema Ministre.

— Iko na miguu, haitembeake. À vous.

— Na ndege? akauliza Philomène.

— Ndege ilikuja, mama. Ilibeba muchanga mweusi ya madini ya kule Bafwasende, ikaruka. Kuleta, haikuleta kitu.

Kwa mtu mwingine jambo lingeishia hapo. Kwa Ministre ndipo lilipoanza. Mchanga tunao, akasema, ndio huo wanaobeba. Courant ya umeme ya barrage ya Tshopo iko. Université iko, na maprofesa hawana kazi nyingine ila kungoja mshahara. Serikali itoe pesa tu, puce itengenezwe Kisangani, na mwaka ujao hao matajiri watakuja kupanga mstari hapa hapa benchini. Akamteua À-Vous kuwa mkuu wa utafiti, Grossiste akapewa biashara ya nje, Philomène akapewa cantine.

— Kiwanda tunaweka Kapalata, akasema. Askari bakilinde.

— Na kiwanda nani ataikinga na askari? akauliza Grossiste. Kisha, gouvernement gani? Iko ya Kinshasa, iko ya baasi ba hapa, iko na ya baasi ba ng’ambo kule. Kila moja na muhuri yake.

— Zote tatu zitoe. Mutaka cha mvunguni sharti ainame.

Philomène aliwatazama, na hasira ikampanda waziwazi. Kiwanda kitajengwa, utepe utakatwa, hotuba zitasomwa, na wakati huo Jemima atakuwa amezaa au amekufa, na mama yake hajui lipi.

Hapo akatokea mtu kutoka upande wa mto, kasia begani, shati limelowa mpaka kifuani.

— Mbote na benu. Phonie ya Kisangani njo hii? Mimi nimetoka Basoko.

Kijiko cha Philomène kilisimama ndani ya birika.

— Karibu, akasema Grossiste. Mugeni akuye, mwenyeji apone. Umepita namna gani?

— Kwa pirogue. Kwenye askari balikuwa banalala, nilipita kando ya visiwa. Kwenye balikuwa macho, niliacha samaki. Phonie yetu imekufa. Opérateur anasema puce. Akanituma: nenda Kisangani, ule iko muji mukubwa, lete ingine. Donc munatengenezaka huku?

Ministre aligeuza uso akawa anaangalia mti wa jirani. À-Vous alifungua kiberiti chake. Mgeni naye akafungua fundo la kitambaa, akatoa kidude cheusi, miguu ile ile, ufu ule ule. Wakaviweka pamoja juu ya benchi.

— Kumbe hata yetu ingepona, kule hakuna mwenye angeitika, akasema À-Vous, na safari hii hakuongeza chochote mwishoni.

— Iko neno ingine, akasema mgeni. Natafuta mama mwenye anauzaka kahawa kwa phonie. Binti yake amenipa ulizo.

Philomène aliweka kijiko chini, akamsogelea. Grossiste akamwonyesha kwa kidevu.

— Jemima amezaa, mama. Mutoto mwanamuke. Bote bako bazima. Mais mutoto hana jina. Anasema, kwenu jina ya mutoto wa kwanza inatokaka kwa mama ya mama, na mulipatana utalisema kwa phonie. Amengoja, amechoka. Njo anauliza: mutoto anaitwa nani?

Philomène alikaa benchini, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu aanze kuuza kahawa pale. Benchi lile lilikuwa na jibu la kila kitu, tangu bei ya sabuni mpaka mipango ya wazungu. Ministre alianza: “Au niveau ya...” akaishia kusogea ampe nafasi.

— Mutaje jina, mama, akasema À-Vous taratibu. Papa huyu atalibeba.

— Hapana. Kwetu jina inasemwaka ndani ya sikio ya mutoto. Jemima alikuwa amuwekee écouteur kwa sikio, niseme, asikie sauti yangu. Philomène alipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akauliza: Na sasa banamwita nani?

Mgeni alihamishia kasia bega la pili.

— Masœur, ule sista muzungu wa maternité, kila akimubeba, anamubembeleza: ma puce, ma puce. Njo vile banasemaka kwao kwa mutoto mupendwa. Basi batu bote kule banamwita vile. Puce.

— Kiroboto, akanong’ona Ministre.

— Anarushaka miguu sana, akasema mgeni.

Philomène akacheka, machozi yakiwa bado yanamtoka. Akammiminia mgeni kahawa yote iliyobaki, mpaka mashapo ya chini, Grossiste akanyoosha kikombe chake akakirudisha kikiwa kitupu. Kisha akamwaga maji kwenye makaa na kufunga kitenge kingine kiunoni.

— Unarudi lini, papa?

— Nikipata puce, mama. Nitarudi namna gani mikono mitupu?

— Huku haiko, akasema Philomène, na akamchukulia kasia lake. Puce iko Basoko. Twende.