Kadi ya Mazishi ya Gommaar Verdonck, Mchonga Shaba

Ndugu waombolezaji, mimi Digna, mtoto pekee aliyebaki, ndiye niliyepewa jukumu la kuwasomea historia ya baba yangu.

Marehemu Gommaar Verdonck alizaliwa mjini Lier tarehe 11 Oktoba 1688, akasoma kwa mapadri hadi walipomchoka, na mwaka 1701 akaletwa hapa Antwerp kujifunza kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba, kazi ambayo kila kitu huchongwa kinyume, maana karatasi ikigandamizwa juu ya bamba picha hugeuka, kulia kukawa kushoto. Mwaka 1712 chama cha mafundi kilimpokea, na watakatifu mliowatundika juu ya vitanda vyenu, pamoja na kadi za misiba yenu, wana jina lake pembeni.

Mwaka 1714 alimuoa mama yangu, Cathelijne, wakajaliwa watoto wawili, Pieter akafa mchanga, na mama akamfuata mwaka 1731, akiwa amechoka.

Mwaka 1735 macho ya marehemu yaliingia ukungu, nami nikashika patasi, nikachonga miaka kumi na mitatu, jina likawa lake. Nilipothubutu kuchonga langu chini ya Mtakatifu Barbara alilikwangua mbele ya wateja, akasema, "Huyu ananinolea vifaa tu, msimtie kiburi," nanyi mafundi mkacheka sana. Kijana aliyekuja kunichumbia aliambiwa, "Nenda kaoe anayejua kupika!"

Mwaka jana, minong'ono kwamba mimi ndiye ninayechonga ilipomfikia, aliapa kuchonga kadi ya mazishi yake mwenyewe, akaniambia, "We mtoto, ukiigusa shaba hii nakulaani." Nilimwona akisahau kugeuza, nikanyamaza, na kusema kweli nilifurahi.

Kifua kilimbana mwezi Januari, akafariki Jumapili, tarehe 3 Machi 1748.

Tunamshukuru daktari, aliyemtoa damu hadi ikamwishia, majirani walioleta samaki wa chumvi na bia wakaimaliza wenyewe, na mafundi wenzake, ambao kesho wataamua kama karakana ibaki kwangu au ipewe mwanamume. Kabla hamjaamua, waheshimiwa, itazameni kadi mliyopewa mlangoni, Mtakatifu Luka anabariki kwa mkono wa kushoto, na jina la marehemu limekaa kinyume, anayetaka kujua tunamzika nani akalisome kwenye kioo. Kisha rudini nyumbani, mtazame picha zilizo juu ya vitanda vyenu.

Pumzika, baba. Shaba yako sikuigusa.