Bakabongo Babili, Motokari Moja

Kisimba, zima ile moteri. Nimesema zima, na uingie mu nyumba na ile mikono yako ya mafuta, ukae hapa pa miguu yangu, pale nitakuona. Fidélie, fungua dirisha, juu pumzi yangu inabakia kidogo na sitaki kuipoteza mu joto. Valérie, bibi yangu, wewe baki pale pa mulango. Hii maneno unaijua, na ni miaka tatu sasa unaninyamazia juu yake. Musikilize, batoto yangu, na mutu asinikate, hata kama mutasikia haya, hata kama mutatamani kuniacha peke yangu na hii kikohozi. Mi niko na hasira. Munganga anasema njo mapafu. Mi nasema njo hasira, na nitaimwaga hapa yote mbele ya kwenda.

Jana nilibasikia, Kisimba, wewe na Tata Nkulu, jirani yetu, mu salon, mulifikiri nimelala. Mulisema siku ya maziko yangu hii Peugeot 404 itatangulia mbele ya sanduku, imeoshwa, imepakwa rangi ya mupya, na jina KABONGO pa mulango vile iko, na nyuma yake motokari zote zenye zinabakia za klube yetu ya mashindano zitafuata mpaka ku makaburi. Kisha, siku ya Mungu yenye kufuata, mutafanya mashindano mu njia yetu ya vumbi kule Mashamba, mutaiita Kombe ya Tata Kabongo. Na Nkulu akasema, na sauti ya padri: "Mutu kama Stanislas hatutapata tena, mutu mwenye alichunga Henri, majina yake, mu ile taabu." Nilitaka kuamuka nimupige. Miguu ilikataa. Basi nitapiga na maneno, na nitaanza na mi mwenyewe.

Tata Henri mulimukuta mu hii nyumba pale mulizaliwa, mulikula mu sahani yake, na hamukujiulizaka alitokea wapi. Mi ni mutu ya kaskazini ya Katanga. Yeye, baba yake alitoka Kasai, balimuleta hapa kwa kazi ya mugodi. Tulikutana ku garage ya kazi mwaka wa sabini na mbili, ile mwaka Serikali ilikamata majina ya ubatizo ya kila mutu. Asubuhi karani anasoma liste: Stanislas hakuna tena, Henri hakuna tena, anaita tu "Kabongo!" Batu babili banajibu. Anakasirika, anaita tena, batu babili banajibu tena. Garage yote ilicheka mpaka na yeye karani akacheka. Kutoka ile siku tuliitana "majina," vile batu benye jina moja banaitanaka, na kila asubuhi alinisalimia na salamu ya kwabo: "Moyo, majina!" Na mi namurudishia: "Moyo, majina!"

Sabini na ine tulikamata hii Peugeot kwa muzungu mumoja mwenye alikuwa anarudi kwabo. Ilikuwa imekufa, kuku zilikuwa zinalala ndani. Tuliitengeneza miaka mbili, mi moteri, yeye vola ya kuongoza na freni. Siku ya kuandikisha makaratasi, karani akauliza motokari ni ya nani, na sisi tukajibu pamoja, "Ya Kabongo." Akaandika Kabongo, jina moja tu, na tukatoka kule tunacheka kama batoto benye kuiba sukari. Hatukuona ubaya wowote. Henri akapaka ile jina pa mulango na rangi nyeupe, na kila mara batu ya pembeni ya njia balipiga kelele "Kabongo! Kabongo!", mikono ine ilitoka mu madirisha.

Klube yetu ilikuwa na motokari kumi na moja. Siku ya Mungu, kisha misa, tulizipanga mbele ya parokia, kapo za moteri zote wazi, na bamama balipita banaingiza kitambaa nyeupe kule chini kwenye vumbi inajificha. Mwenye motokari yake ilichafua kitambaa, alifua nguo za kazi za benzake wiki muzima, na bibi yake alikuwa wa kwanza kumucheka. Kisha tulienda Mashamba. Kule kila mutu alitupa funguo yake mu beseni ya mama yenu, na bila kuangalia anakamata ya mwingine. Kwetu mutu hakuendeshaka motokari yake. Kalala, Mukasai kama Henri, aliendesha yetu, mi niliendesha ya Nkulu, Nkulu aliendesha Taunus ya Kalala. Njo maana hakuna mutu alilegeza kitu mu motokari ya mwenzake, juu labda ni yeye mwenyewe atakaa mule ndani, na njo maana kila mutu alitengeneza ya kila mutu bila kuombwa. Nimefanya kazi na batu mingi mu maisha yangu. Urafiki kama ile sijaona tena.

Nipatie maji, Fidélie. Kidogo. Inatosha.

Sabini na nane vita iliingia hapa Kolwezi. Batu ya bunduki balikuja mu avenue yetu na karatasi mu mukono, banatafuta Kabongo, fundi ya garage, mutu ya kaskazini. Njo mi. Nilikuwa chini ya hii kitanda, na wewe Kisimba, ulikuwa na miaka tano, nilikuwa nimekufunga kinywa na mukono. Henri alikuwa amesimama pa mulango yake. Balimuuliza, "Kabongo ni nani?" Akasema, "Kabongo njo mi." Maneno tatu. Balimupiga na bunduki mpaka mukono yake ya kuume ikavunjika, na haikunyooka tena. Kutoka ile mwaka, akiendesha, alipitisha mukono ya kushoto juu ya vola kwa kubadilisha vitesse, ile gia, na batu balimucheka, balifikiri anafanya maringo. Aliacha bacheke. Na mi hakunikumbusha ile neno hata siku moja, miaka kumi na tano.

Sasa musikie yangu.

Makumi tisa na tatu, mwezi wa tatu. Bakubwa balikuwa bamesema Bakasai barudi kwabo, sawa na batu habakuzaliwa hapa, sawa na hatukuzika babaabo hapa. Wewe Kisimba ulikuwa ku kazi Nzilo, Fidélie ulikuwa ku masista. Ilikuwa asubuhi, jua imekwisha kupanda. Bijana makumi mbili balisimama pa mulango yangu na fimbo na bidon ya petroli. Mu liste yabo iliandikwa Kabongo na jina ya avenue, bila kitu kingine. Balikuwa bamepotea, munasikia? Mwenye kubaongoza akauliza, "Hapa njo kwa Kabongo?" Ningesema: Kabongo njo mi, mutu ya kaskazini, hakuna mwingine hapa. Bangepita. Balikuwa na haraka, avenue ilikuwa murefu. Sikusema vile. Nilisema, "Kabongo mwenye munatafuta eko nyumba ya pili, ile ya mulango ya kijani."

Hakuna mutu alinipiga. Hakuna mutu alinishika shingo. Usinitafutie sababu, Fidélie, nakuona unatafuta. Mama yenu alikuwa nyuma yangu na beseni mu mikono, alisikia. Ile rangi ya kijani tulipaka mi na Henri siku moja, tunaimba.

Habakumuua. Balitupa bitu yake inje, balichoma kitanda na makaratasi, na yeye na Mama Mianda na Mbelu, mutoto yabo, bakaenda ku gare na miguu, kwenye elfu ya batu balikuwa banangojea treni chini ya mashuka. Na sasa Nkulu, najua uko mu salon unakunywa kahawa yangu, sikia na wewe! Ulikuwa ku ukuta yako, unaangalia. Motokari tano za klube zilikuwa za Bakasai, sita zilikuwa zetu. Ya nani ilienda ku gare kubeba mizigo? Mama Mianda alibeba masufuria ku kichwa, na motokari sita zimelala zimeoshwa! Hata hii Peugeot ilikuwa ku garage yangu, funguo moja kwangu, na nilikaa mu kiti. Taunus ya Kalala iko kwako, Nkulu, umeibadilisha rangi. Kwetu mutu aliendesha motokari ya mwenzake, ndiyo, lakini jioni aliirudisha. Ningekuita mwizi. Kinywa yenye ingekuita vile, haiko hii yangu.

Siku ya tatu nilienda ku gare. Nilipeleka unga, mi mutu mwema. Henri alikuwa amekaa juu ya valise, akaamuka, "Moyo, majina!" Kisha akaniuliza, polepole, bila kunikasirikia: "Majina, bale bijana balikuja kwangu moja kwa moja, habakugonga ku nyumba ingine. Nani alibaonyesha?"

Nikasema, "Sijui, majina."

Munajua vile batoto ya site, hii mitaa yetu, balituchekaka, "Kabongo, kabongo kadogo," juu hapa kwetu bongo njo uongo. Tulichekaka nabo, hatukusikia mubaya. Pale ku gare, mbele ya macho yake, ile jina ilinikaa sawasawa. Na yeye akaingiza mukono mu mufuko, akatoa funguo yake ya Peugeot, ile ya pili, akasema, "Itie mu beseni, majina. Nitarudi kuikamata." Nililia. Akafikiri ninalia juu yake, akanishika bega na ile mukono yenye balivunja juu yangu.

Balingojea wiki tano. Henri alikufa mu wagoni, balimuzika Tenke pembeni ya reli, treni haikungojea hata bamalize kuomba. Mbelu aliniandikia kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai, kwenye anafundisha masomo. Munajua aliandika nini? "Aksanti, Tata Stanislas, kwa kutuchungia motokari ya baba." Aksanti! Ile barua iko chini ya hii godoro, na miaka tatu ninalala juu yake. Nilimukasirikia Henri juu hakunitukana. Nilimukasirikia mama yenu juu alinyamaza, na angesema ningemukasirikia zaidi. Nilibakasirikia ninyi, siku mulisema mbele ya bageni, baba yetu alichunga motokari ya rafiki. Lakini mwenye kukasirikiwa ni mumoja tu, na munamuona.

Ngojea... ngojea. Nipumue.

Nyumba ni ya mama yenu, mutu asimuguse. Sanduku ya bitu yangu ya garage ni ya Fidélie, juu njo yeye anajua kusikiliza moteri, na wewe Kisimba usinune. Peugeot haiko mu uriti. Makaratasi inasema Kabongo, na mutu asije kuniambia na sisi tuko ba Kabongo. Nilikwisha kutumia ile jina mara moja namna ile. Ilitosha.

Siku ya kunizika, motokari ibaki hapa. Mi munibebe ku pusipusi ya kusukuma na mikono, na Nkulu asishike hata gurudumu. Hakuna kombe, hakuna mashindano. Kisha muende Tenke, ninyi babili. Kisimba, njo wewe utaendesha. Usiniangalie vile. Kwetu mutu hakuendeshaka motokari yake. Basi endesha, mutoto yangu, juu haiko yako.

Pale Tenke muulize kaburi, batu ya reli banajua. Musimame, museme, "Moyo, majina," kwa niaba yangu, kisha museme ile neno nilisema pa mulango, yote, nyumba ya pili, mulango ya kijani, na sauti mukubwa, hata kama batu ya gare banasikia. Kisha muipandishe mu wagoni mpaka Mwene-Ditu. Fidélie, wewe njo utamuambia Mbelu. Akikutemea mate, upanguse, usimujibu. Akikataa motokari, muiache pa mulango yake. Akitaka kuichoma, mumupe kiberiti. Lakini ile jina musiifute. Ni ya baba yake.

Maji... hapana, Valérie, usitoke. Kuja. Kuja hapa.

Fidélie, Mungu akupe bwana mwenye hatakuogopa. Kisimba... kuja karibu, sina sauti. Siku moja batasimama pa mulango yako na karatasi. Batakuja tu, hii inchi iko vile. Bakikuuliza mwenzako eko wapi, Mungu akutie mu kinywa... ile maneno tatu. Alikupa na wewe. Ulikuwa pale, chini ya kitanda.

Ku musalaba musiandike Kabongo. Muandike Stanislas. Serikali iliikamata, imeirudisha, itanitosha. Peke yake.

Valérie... ile beseni, na funguo ya Henri. Uko nayo? Weka hapa, pa goti ya mutoto.

Kisimba. Fumba macho, vile tulikuwa tunafanya. Ingiza mukono... Usichague. Iko moja tu.