Sekunde Kumi na Tisa za Joachim

Kijiwe chetu kiko Hor Al Anz, hapa Dubai, ubavuni mwa kaftaria ya Wamalayali, Wahindi wa Kerala, na benchi lenyewe ni siti ya nyuma ya Coaster ambayo hakuna anayejua nani aliileta. Juu yake wamefunga viyoyozi vitatu, na kile cha mwisho kinadondosha maji pembeni kabisa ya siti, kwa hiyo pembeni ndiko anakokaa mgeni. Tunakutana Ijumaa, sisi tukishatoka msikitini na wenzetu wakishatoka misani, maana hapa hata Jumapili yao imehamia Ijumaa. Kahawa analeta Sheikhan, Mzanzibari anayepakia mizigo bandarini Hamriya, tunamwita Bwana Thamosi. Yupo Kenneth wa Machakos, muuza simu, tuliyempa jina la Gugo kwa sababu ukimuuliza kitu hakosi jibu, hata kama jibu lenyewe halipo duniani. Yupo Twaibu wa Masaka, mlinzi, tunamwita Afande. Mimi ni Ibra wa Tanga, naendesha foklifti kule Freezone, na nasema mapema kabisa kwamba katika jambo hili sikukaa katikati. Nilikuwa upande wa Joachim, na aliyekuwa ananikasirisha ni Joachim mwenyewe.

Joachim anafungua mlango wa hoteli moja kule Marina. Mwaka juzi, alfu mbili na kumi na nne, Waholanzi walikuja hotelini kwake kupiga sinema ya mapenzi ya kuchekesha. Kijana kaachwa na mchumba, anamfuata mpaka Dubai kumzuia asiolewe na mwingine, anaingia hotelini mbio na maua mkononi. Joachim aliambiwa asimame mlangoni, asifanye kitu, asiseme kitu. Basi yule kijana kufika kwenye marumaru akateleza, akaanguka kikweli, si kwa kuigiza. Joachim akauacha mlango, akamwinua, akampangusa suruali, akamwokotea maua moja moja, huku anamwambia, “Pole, kaka. Pole sana. Pole, jamani.” Mwongozaji aliipenda, akaiacha humo humo. Ni sekunde kumi na tisa, na mwishoni jina la Joachim limeandikwa, herufi zote, katikati ya majina ya Kiholanzi. Mtu wa kijiwe chetu! Mimi ningekuwa yeye ningetembea na CD hiyo kifuani kama kitambulisho.

Lakini wiki iliyopita hoteli iliwaonyesha watu ile sinema ukumbini, wageni Waholanzi mbele, wafanyakazi nyuma. Kijana alipoanguka walinyamaza, Joachim alipomwinua ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wakashika matumbo. Tangu siku hiyo kanuna. Na kule Kibosho mama yake keshatangazia jumuiya nzima, padre katoa ukumbi wa parokia na televisheni, watu wanasubiri CD tu. Binamu yake Marietha anaruka kesho kwenda Moshi, ndiye wa kuibeba. Joachim aliitoa mfukoni, akaiweka juu ya siti, akaifunika kwa kofia.

Joachim: Sikipeleki kile kitu chao. Khalas.

Mimi: Chao vipi, na jina lako limo?

Joachim: Chao, Ibra. Mama kawaita watu waje waone mwanawe ni staa. Watakuja kuona mwanawe anachekwa.

Twaibu: Ssebo, kosa iko kwako. Wewe uliacha position. Mlinzi haachi position. Mtu akianguka, kwanza unaripoti kwa supavaiza, halafu unangojea.

Mimi: Unangojea nini, azikwe?

Twaibu: Unangojea amri! Walicheka kwa sababu waliona askari bila nidhamu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Sheikhan: Upwa umeingiaje hapa, Afande?

Twaibu: Umeingia. Wewe mwaga kahawa.

Sheikhan akamimina. Vikombe vyetu ni vitano na sisi tuko watano, siku hiyo hesabu ilikuwa imetulia.

Sheikhan: Hebu nambie, yakhe. Kwani katika hiyo sinema, wao walikuwa wanacheka wapi pengine?

Joachim: Kuna mahali yule kijana anakaribishwa kwao na mchumba wake. Mama mkwe kampikia keki. Kaonja, akamwambia mbele za watu, “Keki yako ina ladha ya godoro.” Ukumbi wote hoi.

Sheikhan: Kamwambia nani?

Joachim: Mama mkwe.

Sheikhan: Na yu hai?

Joachim: Yu hai. Na mama mkwe mwenyewe kacheka.

Sheikhan: Subhanallah.

Mimi: Na wewe ulicheka wapi?

Joachim alijikuna shingo. Nilijua kuna jambo, akiwa na aibu hujikuna shingo.

Joachim: Nilicheka mara moja tu. Mama mkwe anamfukuza yule kijana, kashika mwiko. Nikacheka kwa sauti. Waligeuka wote kunitazama. Kumbe pale ndipo pa kulia, kuna mwanamke mbele yangu alikuwa anajifuta machozi.

Tulicheka mpaka Mmalayali akachungulia dirishani. Joachim hakucheka, akazidi kuivuta ile kofia juu ya CD. Hapo Gugo akakohoa, na Gugo akikohoa jua umepata somo.

Gugo: Manze, mnakosea wasee. Hii kitu ni geography. Nchi yao iko chini ya bahari. Mholanzi akiona mtu ameteleza kwa maji, anakumbuka kwao. Hiyo si kicheko, ni uoga. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Sheikhan: Nani kavua nguo?

Gugo: Ni methali.

Sheikhan: Najua ni methali, ni yetu. Nauliza kavua nani.

Mimi: Sasa kama ni uoga, mbona jamaa alipoanguka walinyamaza, wakacheka Joachim alipomwinua?

Gugo alinywa kahawa yote kwa mkupuo, kumbe anatafuta njia.

Gugo: Sawa, nilikuwa nafika hapo. Kwao kuna barafu. Mtoto akifika miaka sita anapelekwa kwa barafu na serikali, anaanguka mara mia moja, na anaamka mwenyewe. Kuna mtihani. Ukisaidiwa, umefeli, unarudia mwaka. Sasa huyu actor ni mtu mzima, na cheti yake anayo. Joachim anamwinua! Kwao ni kama kuona mzee ananyonyeshwa.

Twaibu: Banange!

Joachim: Kwa hiyo na yeye nilimwaibisha?

Gugo: Mbele ya taifa, bro. Pole.

Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia Gugo kwamba mtihani huo kautunga sasa hivi, kahawa ikiwa bado mdomoni. Akaniambia asiyejua kufa atazame kaburi. Sheikhan akanyanyua mkono, akasema yeye hana haja ya barafu, Mholanzi anamjua kwa macho.

Sheikhan: Alikuja mmoja Hamriya, mnunuzi wa ndimu kavu. Mtu mwema, mrefu kama mnara. Gunia likapasuka, ndimu zikatawanyika gati zima, watu wote tunazikimbiza, hata arbab, tajiri mwenyewe, na kanzu yake. Mholanzi kasimama anacheka mpaka kakaa chini. Mie nikamuuliza, bwana, mali yako hii, wacheka nini? Kasema, “Hii haikuwemo kwenye ratiba.” Basi ndivyo walivyo. Kila jambo lao limepangwa, na Joachim hakupangwa.

Twaibu: Ndiyo ile nasema. Aliacha position.

Joachim: Mnazunguka tu. Nyote mnakubali walinicheka mimi. Mama ana shinikizo la damu. Sikipeleki.

Nilitaka kumtukana, lakini alikuwa anasema kweli kwamba tulikuwa tunazunguka. Ndipo msichana mmoja akavuka barabara, gauni la kitenge, mfuko wa plastiki mkononi, akasimama mbele yetu kwa adabu.

Msichana: Shikamooni.

Sheikhan: Marahaba, mwanangu. Karibu.

Msichana: Naitwa Fortunata, nakaa chumba kimoja na dada Marietha. Amenituma kwa kaka Joachim nichukue CD ya Mama. Yeye yuko anapima begi.

Joachim: Mwambie hakuna CD.

Tukamwambia akae kwanza. Akakaa pembeni, na hakuna aliyemwonya kuhusu maji, kila mmoja wetu alipita hapo. Ana siku tisa Dubai, bado anaangalia juu akitembea. Nikamweleza habari yote, nikamwomba Joachim simu yake, ambamo kile kipande kimo, nikamwonyesha. Aliangalia mara moja. Akaomba tena. Hakucheka, wala hakuhuzunika. Aliangalia kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Fortunata: Hapa mlikuwa watu wangapi?

Joachim: Ukiwatia na wapiga picha? Kama arobaini.

Fortunata: Na huyu kaka aliumia kweli?

Joachim: Kweli kabisa. Kiwiko kilivimba hivi, wakamfunga bendeji.

Fortunata: Sasa hao wengine wote walimwambia nini?

Tukamtazama Gugo. Gugo alifungua mdomo, akaufunga. Miaka mitatu namjua, sikuwahi kuuona mdomo huo ukifungwa bila kutoa kitu.

Joachim alichukua simu, akakicheza kile kipande upya, tukainama vichwa vitano juu ya kioo kimoja. Mwanamke wa mapokezi kashika kalamu. Bwana mmoja na sanduku lake kasimama. Nyuma kuna watu wawili na vikombe vya kahawa, wanaangalia. Yule kijana yuko chini, uso umemkunjamana kwa maumivu, na midomo yote imefungwa isipokuwa mmoja. Tukarudisha. Tukaangalia tena midomo.

Joachim: Sikumbuki. Nadhani… sikumbuki mtu aliyesema kitu.

Twaibu: Walikuwa kazini.

Akasugua goti lake.

Twaibu: Hata mimi ningekuwa kazini.

Hakuna aliyemcheka Afande. Mimi masikio yalipata moto kwa fahari, nasema wazi, kama vile mimi ndiye niliyempangusa mtu yule suruali. Nilikuwa nafungua kinywa niseme hivyo hivyo, lakini kiyoyozi kikaniwahi. Tone likamdondokea Fortunata shingoni, la baridi, akaruka, na kiatu chake kikaipiga thamosi ya Sheikhan. Ikaanguka, kizibo kikatoka, kahawa yote ikamwagika, na kioo cha ndani tukakisikia kinavunjika.

— Pole!

Tulisema wote watano, kwa pamoja, kama jumuiya.

Fortunata: Mungu wangu, thamosi yako, baba!

Sheikhan: Iache thamosi. Pole, mwanangu. Hujaungua? Hebu mguu.

Fortunata: Mimi ndiye nimeivunja!

Sheikhan: Ndiyo nakwambia pole.

Joachim alikuwa keshapiga magoti. Anaokota vikombe, anafuta siti kwa leso yake, anampangusa Fortunata pindo la gauni lililorushiwa kahawa, anasema pole, dada, pole sana. Gugo alimwangalia pale chini, kisha akatuangalia sisi.

Gugo: Wasee. Yule wa ndimu angekuwa hapa saa hii angelazwa hospitali kwa kucheka.

Hapo Joachim akacheka. Akacheka magotini, vikombe vitano mkononi, na sisi tukafuata, hata Fortunata, ingawa macho yake yalikuwa yamejaa machozi kwa ajili ya thamosi. Kisha Fortunata akaangalia saa, akasema dada Marietha atamgombeza, akachukua mfuko wake wa plastiki, akatuaga mara tatu, akavuka barabara nusu mbio.

Siti ilikuwa imefutwa, ikang’aa. Kofia iko upande mmoja, na CD iko wazi katikati yetu. Joachim aliiona. Mimi nilimwona akiiona. Akaipangusa kwenye shati, mbele na nyuma. Kisha akavuka barabara mbio, lori dogo likampigia honi, na yeye kainyanyua ile CD juu ya kichwa.

Joachim: Fortunata! We Fortunata! Umesahau sinema yangu! Mwambie Marietha amwambie Mama akae mbele!

Kahawa ilikuwa imekwisha. Sheikhan aliitikisa thamosi sikioni, vioo vinalia ndani.

Sheikhan: Kasema sinema ya nani?

Mimi: Yake.