Bi Gudrun Hellwege na Mnyororo wa Mita Kumi

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya kutunza uwanja wetu, Bi Gudrun Hellwege anastaafu rasmi Jumapili, tarehe 30 Juni 2024. Ndiye mwajiriwa pekee ambaye klabu ya vijana ya Nguruwe Mwitu wa Oberlauben imewahi kuwa naye. Sisi wengine, kuanzia mwenyekiti hadi wachoma soseji, ni watu wa kujitolea, na hajawahi kutuficha kwamba ndiyo maana tunachelewa.

Alikuja kwetu akitokea kiwanda cha mapazia, ambako kazi yake ilikuwa kukagua vipimo. Amekata nyasi, amefua jezi zenye matope ya vizazi viwili, na amewarudisha nyumbani makocha watu wazima waliokanyaga uwanja mbichi. Keki yake ya cheri huisha kabla ya robo ya kwanza ya mchezo. Anayetaka kipande baadaye huambiwa, "Ulikuwa wapi?"

Utaratibu wake kwa wageni unajulikana. Msafiri yeyote anayepita Oberlauben, akaona watoto wamevaa kofia ngumu na kusimama kutazama, hapewi kiti. Anapewa nguzo ya mnyororo, kahawa baadaye. Kwa mababu na mabibi watakaohudhuria sherehe ya kumuaga: katika mpira wetu wa Kimarekani timu hupata majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, ikishindwa inaupoteza. Mnyororo huo ndio unaopima, na Bi Gudrun aliutengeneza mwenyewe.

Juni 1993 alipita Bwana Wendell Askew, mwalimu kutoka Nebraska, aliyekuwa akizunguka Ulaya na mkewe kwa gari la kulala. Mke alitaka kuona kanisa. Mume aliona kofia zetu, akafunga breki. Dakika tano baadaye alikuwa ameshika nguzo, na dakika kumi baadaye alikuwa anakuna kichwa.

"Mama, huu mnyororo ni mrefu," alisema kwa Kijerumani chake cha kuokoteza.

"Kumi ni kumi, bwana. Simama wima."

"Kumi za nini?"

Bi Gudrun alikwenda kuchukua futi kamba. Akaupima mnyororo: mita kumi kamili. Fundi cherehani yeyote anajua kwamba yadi ni fupi kuliko mita, lakini kiwanda cha mapazia kilipima kwa mita, na hakuna mtu Oberlauben aliyewahi kuwaza vingine. Uwanja wetu ulikuwa wa soka, bila mistari ya yadi ya kumshtua mwamuzi. Kwa misimu mitatu watoto wetu walikuwa wakihangaikia karibu mita nzima ya ziada nyumbani, na wakienda ugenini wanashangaa mbona mambo mteremko. Tulidhani tumeiva!

Tungecheka tu, kama si timu ya Steinbrück. Wiki mbili kabla, vijana wao walikuwa wamesimamishwa kwenye uwanja wetu katika jaribio la mwisho, wakipungukiwa hatua moja. Kwa yadi halali wangeendelea. Ushindi ule ndio uliotupeleka fainali, ya kwanza katika historia yetu.

Mwenyekiti wa wakati huo, marehemu Bwana Ottfried Kranz, alimwita Bi Gudrun pembeni, lakini si mbali vya kutosha, tukasikia. "Gudrun, tafadhali. Kata mnyororo, tunyamaze. Fainali ni Jumamosi ijayo. Nani atajua?"

"Una kalamu, Ottfried, au nitumie yangu?"

Aliandika barua jioni ileile, kwa chama cha ligi na kwa Steinbrück, akikiri kosa ni lake peke yake. Chama kiliamuru mchezo urudiwe Jumatano. Bwana Askew aliahirisha safari ya Vienna ili ashike nguzo, na inasemekana mkewe hakuzungumza naye hadi Salzburg. Tulifungwa kumi na nne kwa kumi na tatu. Bi Gudrun alisimama kwenye geti la uwanja na keki mbili za cheri, akawakatia Steinbrück kwanza.

Nahodha wetu, mwenye miaka kumi na mitano, alikataa kipande chake. Alimwambia Bi Gudrun mbele ya watu wote, huku analia, "Bora ungenyamaza!" Hakumsalimu kiangazi kizima. Bi Gudrun aliendelea kufua jezi ya kijana huyo na kuikunja juu ya rundo, kama kawaida.

Nahodha huyo ni mimi.

Septemba iliyopita, nikiwa mwenyekiti, niligundua kwamba mchezaji wetu mmoja alikuwa amezidi umri kwa siku tatu. Hakuna aliyejua, na tulikuwa tunaongoza ligi. Nilishangaa nilipojikuta nimeshafunga bahasha ya barua kwa chama cha ligi kabla sijajiuliza cha kufanya. Tulipoteza pointi, vijana wakaninunia, nami nikalala usingizi mzuri kuliko wa miezi mingi iliyopita. Hapo ndipo nilipojua ni nani aliyenilea katika klabu hii.

Bi Gudrun, kwa niaba ya Nguruwe Mwitu wote, wakubwa kwa wadogo, tunakushukuru kwa kazi yako na tunakuombea afya na siku ndefu za raha. Na kwa niaba yangu mwenyewe, nikiwa nimechelewa miaka thelathini na mmoja: asante kwa kutonyamaza.

Detlev Roggenkamp, Mwenyekiti