Nuh Abdisalam, Dereva Aliyetaka Kukosa Kazi

Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, saa kumi jioni, Mzee Nuh Abdisalam atakabidhi funguo na kustaafu, baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka thelathini na mitatu. Boza lake, lile lori la tangi la lita elfu kumi ambalo sote hapa Garissa tunalijua kwa kikohozi chake, linastaafu siku hiyohiyo. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wa mmoja tu kati yao. Nimejaribu, nimeshindwa kuwatenganisha.

Kwa wageni wetu, mimi ni Wanjugu, karani wa usafiri. Kwa miaka kumi na minne nimempangia Mzee Nuh safari, naye kwa miaka kumi na minne amezipangua. Kwa hiyo msitegemee kusoma hapa habari za malaika.

Alizaliwa Hadado, kwa watu wa ngamia, na aliajiriwa mwaka 1992, wakati wa ukame, kama utingo. Miezi minne baadaye dereva alishikwa na mgongo njiani, Nuh akaketi kwenye usukani ili lori lisilale porini, na hajashuka tangu siku hiyo. Amepeleka maji hadi Diff, mpakani. Amepeleka maji Hadado kwao, ambako mama yake mzazi alipanga foleni na mtungi wake kama watu wengine, na akapata mtungi mmoja kama watu wengine. Mama alinuna mwezi mzima.

Mzee Nuh ana taratibu mbili za kazi ambazo hakufundishwa na yeyote. Ya kwanza ni honi. Akifika kijijini hupiga mara tatu, ndefu, na watu hutoka na mitungi. Ya pili ni kikombe. Kabla ya mtu yeyote kupewa maji, yeye hukinga ya kwanza kwa kikombe chake cha bati, huyanywa mbele ya watu wote, kisha hukung'uta kikombe na kusema bismillahi, tuanze. Nilimuuliza mwaka wangu wa kwanza kwa nini dereva anakunywa kabla ya wenye kiu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Alisema mtu asinywe maji ambayo aliyeyaleta anayaogopa.

Kati ya vijiji vyote, cha El Sugow ndicho kilichommaliza. Kiko saa nne za mchanga kutoka hapa yadini, kando ya laga, mto wa mchanga unaopita maji wakati wa mvua tu. El kwa Kisomali maana yake ni kisima, na kisima kweli kipo, chenye pampu ya mkono. Lakini pampu hiyo ilikuwa ikiharibika, ikingoja fundi atoke mjini miezi mitatu, ikitengenezwa, ikifanya kazi wiki mbili, halafu ikilala tena. Basi El Sugow wakaizoea honi ya Nuh na kuisahau pampu. Watoto wao walikuwa wakifungia mbuzi pale.

Sasa tufike Malawi, maana najua wengi mnasoma haraka haraka mfike hapo.

Mwezi wa Machi 2023 kimbunga kilipiga kusini mwa Malawi, milima ikaporomoka, vijiji vikazolewa na maji. Wenzetu wa huko waliomba madereva wa maboza wa kujitolea, miezi mitatu, bila mshahara. Barua ilipobandikwa ubaoni tulicheka, kwani nani hapa kwetu anajua habari za maji mengi? Mzee Nuh, aliyekuwa na miaka hamsini na minane na magoti mawili yasiyoelewana, alikuwa wa kwanza kutia sahihi, na wa mwisho pia. Mkewe, Bi. Ramla, alimwambia kuwa wanaume wa umri wake wanakwenda Hija, yeye anakwenda mafurikoni. Na utani wa jina lake, Nuh kwenda kwenye gharika, tuliufanya hadi ukachuja.

Uwanja wa ndege alifika na mitungi ishirini mitupu iliyofungwa kwa kamba. Walipomwambia kuwa mitungi inapatikana hata Malawi, aliwajibu kwamba yeye haendi kwenye kazi ya maji mikono mitupu. Walikubali kumi na miwili. Minane niliirudisha mimi Garissa kwa basi, nikiwa nimebanwa kati yake kutoka Nairobi hadi hapa, na hilo sijamsamehe.

Huko alipewa boza na kuelekezwa kwenye shule moja chini ya kilima, ambako watu waliopoteza nyumba walikuwa wamepiga kambi. Akaegesha vizuri, akashuka kukagua mabomba, akapanda tena na kupiga honi. Mara tatu, ndefu.

Jamani! Watu walikimbia. Walibeba watoto, magodoro na wagonjwa, wakapanda kilima bila kugeuka, kwa sababu pale honi tatu zilikuwa ishara kwamba mto umefurika tena. Kufumba na kufumbua Mzee Nuh alikuwa amebaki peke yake na lita elfu kumi za maji safi na bata mmoja. Alipoelewa alichofanya, alipanda kilima kile kwa magoti yake yaleyale, akaomba radhi kwa kila familia, moja baada ya nyingine. Aliniambia hajawahi kuona aibu kama ile, na kwamba palepale ndipo alipowaelewa wale watu. Kwetu tunalia tukiyakosa maji. Wao walikuwa wanalia wakiyasikia.

Aliyemsuta zaidi ni Mai Enifa, mama mmoja mfupi aliyekuwa kiongozi wa akina mama kambini. Alimsuta kwa Kichewa, Nuh akamjibu kwa Kiswahili, na katikati ya ugomvi wakagundua kwamba maji kwao ni madzi, nyumba ni nyumba na moto ni moto. Ugomvi ukakosa nguvu. Walikubaliana kuwa kuanzia siku ile atagonga sahani ya bati badala ya honi, na miezi mitatu Mzee Nuh akaita watu kwenye maji kama mpishi wa shule.

Kikombe chake, hata hivyo, kilipendwa. Watu wa kambi walikuwa wakiyakataa maji ya boza kwa sababu yalinuka dawa, na kulikuwa na kipindupindu. Wataalamu walihutubia kwa vipaza sauti, watu wakaendelea kuchota mtoni. Mzee Nuh alikinga kikombe, akanywa, akakaa chini ya lori mbele yao asubuhi nzima, ili waone kama atakufa. Hakufa. Adhuhuri Mai Enifa akaleta ndoo.

Yako mengine ambayo mwenyewe hapendi nitaje. Kwa mfano, mzaliwa wa Hadado ambaye maisha yake yote aliwaita samaki wadudu wa majini, siku ya tatu alikula wale wadogo waliokaushwa, jamaa wa omena, na siku ya nne akaomba nyongeza. Bi. Ramla, pole, umelisoma hapa kwanza.

Mwezi wake wa pili huko, maji yalipopungua, akina mama walirudi kukitazama kijiji chao. Pampu ya kisima ilikuwa imejaa tope. Mzee Nuh aliitambua, ilikuwa aina ileile ya El Sugow. Akawapa pole kama tunavyowapa watu wetu, akauliza fundi atatoka mjini lini. Mai Enifa alicheka. Akafungua pindo la kitenge, akatoa spana moja, na yeye na wenzake wanne wakavuta vyuma vyote kutoka kisimani, wakavisafisha, wakabadilisha raba iliyolika, wakavirudisha. Kabla ya chakula cha mchana pampu ilikuwa inatoa maji.

Jioni ile alinipigia simu, yeye anayehesabu kila sekunde ya simu. Akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, akiniita dada, "Abaayo Wanjugu, miaka thelathini mimi nabeleka maji mahali iko maji."

Alirudi nyumbani Julai bila mtungi hata mmoja. Alikuwa na begi la raba za pampu, spana aliyopewa na Mai Enifa, na wazo lililomfanya asilale: El Sugow iendeshe pampu yake yenyewe, na spana ishikwe na akina mama, kwa sababu wao ndio wanaoteka maji. Haraka ilikuwepo. Shirika lilikuwa limeshatangaza kwamba boza lile kuukuu halitabadilishwa, na likistaafu na dereva wake, njia ya El Sugow imefungwa. Kama pampu isingekuwa imara kufikia Septemba 2025, watu wale wangebaki na kisima kilichokufa na honi isiyokuja. Mzee Nuh alisema hatatoa funguo mpaka aende kule na kukuta hakuna anayemhitaji. Tulimwona kichaa. Ni nani anayehangaika akose kazi?

Wazee wa El Sugow walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia inshallah, na sote tunaijua inshallah ya namna hiyo. Halafu mwisho wa mwaka zikaja mvua kubwa. Barabara zilikatika, boza likakaa hapa yadini wiki tano, na pampu ya El Sugow ilikuwa imelala kama kawaida. Watu walikunywa tope la laga na watoto wakaugua. Kila asubuhi Mzee Nuh aliliwasha lori, akaliacha lingurume, kisha akalizima. Alikuwa amevuka nchi kwenda kuwasaidia watu wa mafuriko, na mafuriko ya nyumbani yalimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki. Sikumtania wiki zile. Iliniuma kumtazama.

Barabara ilipofunguka, wazee wenyewe ndio walioomba aje na spana. Akaikabidhi kwa Bi. Abshiro, mjane anayeuza maziwa, mwenye mikono ya kazi na mdomo usiolala, akamfundisha yeye na wenzake watano, siku zake za mapumziko, mwaka mzima. Mara ya kwanza pampu ilipoharibika waliihangaikia siku tisa na mwisho wakamwita. Mara ya pili siku mbili. Lakini bado walikinga maji ya boza na kuyaficha nyumbani, kila honi ilipolia. Hawakuiamini pampu, na hilo lilimtesa kuliko magoti.

Alhamisi iliyopita, siku tano kabla ya kustaafu, tulipata habari kwamba pampu ya El Sugow imefunguliwa yote na vyuma vimelazwa chini juu ya turubai. Mtandao ukakatika hapohapo. Mzee Nuh alijaza tangi hadi juu na kuondoka alfajiri ya Ijumaa.

Ninajua boza linavyorudi. Likiwa tupu, linaruka kwenye tuta la getini na tangi linalia ngo, sauti ambayo nimeisikia miaka kumi na minne nikiwa mezani. Jioni ile lilipanda tuta polepole, likashuka polepole, na halikulia. Nilitoka mbio nikijua kuna balaa. Barabara imekatika, nikawaza, au watu wamehama, au amegombana na wazee na kurudi na maji yake kwa hasira.

Alishuka, akaegemea tairi, akanieleza. Alifika, akapiga honi mara tatu. Hakutoka mtu. Akapiga tena. Mbuzi walimtazama. Akashuka na kikombe chake, akaifuata njia ya kisimani, akawakuta akina mama sita wamelowa hadi viwikoni, wanakaza nati ya mwisho. Walikuwa wamebadilisha raba kabla haijakatika, kwa sababu Bi. Abshiro aliisikia pampu imeanza kulia vibaya. Honi waliisikia, lakini mikono ilikuwa na kazi.

Bi. Abshiro alisukuma mpini mara kadhaa, maji yakaja. Akamnyang'anya Mzee Nuh kile kikombe cha bati, akakinga, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote, akakikung'uta, akakijaza tena na kumpa. Akamwambia, kama mtu na ami yake, "Adeer, kunywa. Yako rudi nayo, sisi tunayo." Mzee Nuh anasema alifurahi, na wakati huohuo akajisikia kama mgeni aliyekuta watu wameshakula. Alilia, na aliniruhusu niandike kwamba alilia.

Lita elfu kumi zile tumezinywa sisi yadini siku tatu. Alipiga honi, tukapanga foleni na vikombe vya ofisi, meneja akiwa nyuma yangu, Mzee Nuh akanywa kwanza, akasema bismillahi, tuanze.

Asante, Mzee Nuh, kwa kila tone. Asante, Bi. Ramla, kwa kutuazima mume miaka thelathini na mitatu, na sasa tunamrudisha akiwa na magoti yaleyale. Ikumbukwe pia kwamba picha ya El Sugow imetumwa Malawi, na Mai Enifa amejibu kwamba nati moja imefungwa kinyume. Mungu akujalie siku tele za raha, chai ya maziwa ya ngamia, na wajukuu wasiokuuliza kwa nini unaoga kwa kikombe kimoja. Na ukisikia honi tatu nje ya nyumba yako, usikimbie kilimani wala usilete mtungi. Ni sisi tu, tumekukosa.