Maisha ya Mzee Sponji, Fundi Makochi Aliyesimama na Vijana Mahakamani

Ndugu waombolezaji, mfikirieni kwanza anavyowasili. Ni saa moja na nusu asubuhi, geti la mahakama ya watoto bado limefungwa, mlinzi anafagia ngazi. Mzee anakuja taratibu, shati limepigwa pasi, na kijana anamfuata hatua mbili nyuma. Mlinzi anamwambia, "Mzee Sponji, hakimu mwenyewe yuko kitandani." Naye anajibu, "Basi leo nimemshinda." Mara ya mwisho alifika hivyo tarehe 20 Agosti 2024. Kesi iliyompeleka haijaisha, na kijana yule yuko nje ya mahabusu leo kwa sababu moja tu: kulikuwa na mtu mzima aliyemsimamia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu kati ya watano wa mpaka rangi na mshona magunia.

Alianza shule mwaka 1964 na kumaliza darasa la saba mwaka 1970. Mwaka uliofuata kaka yake, mwenye miaka kumi na tano, alikamatwa na redio isiyo yake. Siku ya kesi baba alijua mjomba atakwenda, mjomba naye akajua baba atakwenda. Jina likaitwa, hakuna mtu mzima aliyesimama. Kaka alikaa shule ya marekebisho miaka mitatu, akarudi mrefu na mpole, na hakukubali tena kukaa akiupa mlango mgongo. Alifariki mwaka 1979 bila kumlaumu mtu. "Angelaumu, tungepumua," marehemu alikuwa akisema.

Ufundi alijifunza kuanzia mwaka 1973, na mwaka 1984 akafungua karakana yake, chumba kimoja kando ya kiwanda cha mikate. Jina la Sponji alipewa kwa sababu hakukalia kiti cha mtu kabla ya kukiminya. Tabia hiyo nusura imnyime mke. Siku ya kujitambulisha ukweni aliminya kochi la sebuleni, akasema, "Baba, hili limekufa ndani." Mkwewe akamtazama. "Kijana, umekuja kuoa au kununua?" Kesho yake alirudi na sindano na springi, akalifumua lote. Harusi ilifungwa tarehe 6 Novemba 1982, na mzee yule alilikalia kochi lile mpaka mwisho wa siku zake.

Mwaka 2009 mteja wake mmoja, karani wa mahakama, alimweleza kuwa vijana wengi husimama mbele ya hakimu peke yao. Siku ya pili marehemu hakufungua karakana. Alijiunga na wanaume wengine sita waliojitolea: kwenda na kijana kila tarehe ya kesi, kumsemea, kumtembelea kwao, kumtafutia shule au kazi ya mikono. Mtu mmoja, kijana mmoja, hadi hukumu. Ndiyo sheria yao. Alisimama na vijana kumi na mmoja. Benchi la nje ya chumba namba tatu alilitandika sponji kwa mikono yake, na alipoulizwa kibali alisema, "Mheshimiwa, kesi ni ndefu na mbao ni ngumu."

Wa kumi na mbili tulimwita Kimya, kwa kuwa alimaliza miezi minne bila kumjibu mzee zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Ana miaka kumi na sita. Wanaume watatu walikuwa wakimpenyeza kwenye madirisha ya watu awafungulie mlango, na amekubali kuwataja mahakamani. Tangu Aprili watatu hao, walio nje kwa dhamana, walikuwa wakikaa kibandani ng'ambo ya mahakama. Walikuwa na adabu sana.

"Shikamoo, mzee. Bado unapita njia ya reli?"

"Marahaba, wanangu. Bado napita."

Baada ya hapo alibadilisha njia, akamwambia mkewe anataka mazoezi. Mwezi Mei mmoja wa wale sita waliojitolea, aliyekuwa dereva wa basi, alihamia kwa bintiye. Juni mwingine, mwalimu mstaafu, akalalamikia magoti na kuacha. Hakuna aliyewauliza zaidi. Asubuhi moja ya Julai marehemu alikuta karakana iko wazi. Hakikuibwa kitu. Kochi la mteja tu lilikuwa limegeuzwa kuutazama mlango, na sponji yake mpya ilikuwa na shimo la mtu aliyekaa muda mrefu.

Alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 2024, saa sita mchana, mkewe alimpelekea chakula karakanani akamkuta sakafuni. Daktari alisema ni kiharusi, na familia haina neno la kuongeza. Siku ya nne walikuja wodini wanaume watatu na mfuko wa matunda. Mama, mkewe, hakuwafahamu, akawashukuru. Mzee aliishika shuka kwa mkono wake mzima na hakuiachia hadi walipotoka.

Jioni hiyo alikuja kinyozi, mwenzake wa kujitolea tangu mwanzo. Marehemu alimwambia kwa ulimi mzito, "Mstari wa pili." Kinyozi alielewa. Fomu ya mahakama ina mistari miwili, mmoja wa msimamizi na mwingine wa mtu wa kushika nafasi yake. Miaka kumi na mitano Mzee Sponji hakuujaza ule wa pili. "Mtu akijua yupo mwingine, hulala," alikuwa akisema, nasi tulijua anawasema baba yake na mjomba. Kinyozi alileta fomu, lakini mkono wa kuandikia ulikuwa umepooza. Alifariki Jumatano tarehe 11 Septemba, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na Kimya.

Jana mmoja wa wale watatu alifika msibani, akamshika mama kwa mikono miwili. "Pole sana, mama. Na kijana naye apumzike sasa, asijisumbue na hiyo Jumanne." Jumanne ni tarehe 17, saa tatu asubuhi. Karani ametueleza: asipokuja mtu mzima na kitambulisho chake kusaini kabla faili halijaitwa, kijana anarudi mahabusu, na huko watatu hao wana wenzao. Kinyozi na wenzake waliobaki wana vijana wao tayari. Familia imekaa vikao viwili na haijapata jina. Mama alisema ataenda yeye. Tangu jana kitambulisho chake hakionekani, na wanawe hawataki kuulizwa.

Udongo umpokee fundi wetu kwa upole, naye apumzike, maana alichoka kwa ajili ya wengine. Kimya yuko hapa kati yetu, na waliompa mama pole nao wako hapa. Atakapotuuliza Jumanne aende na nani, tumtajie nani?